MAISHA YA MWANDISHI: HENRIK IBSEN (1828–1906)

Mwanafunzi mpendwa, sehemu hii huwa fupi katika miongozo mingi. Mwandishi alizaliwa hapa, akasomea pale, akaandika hivi, akafa. Wanafunzi wengi huiruka na kukimbilia muhtasari wa Tendo la Kwanza, nami siwalaumu, kwa maana mtihani hauulizi mwandishi alizaliwa lini. Safari hii nakuomba usiiruke. Maisha ya Henrik Ibsen yana jambo ambalo, ukishalijua, hutaisoma A Doll's House kama ulivyoisoma mwanzoni. Huenda likakuudhi. Nilipowasimulia wanafunzi wangu kwa mara ya kwanza, msichana mmoja aliyempenda Nora kuliko mhusika mwingine yeyote alifunga kitabu, akasema hakitaki tena. Mvulana aliyeketi nyuma yake akamjibu kwamba mwandishi keshakufa na kitabu hakina kosa. Kengele ililia kabla hawajaelewana.

(Naiita tamthilia hii kwa jina la Kiingereza kwa sababu ndilo lililo kwenye jalada la nakala yako. Ibsen mwenyewe aliiandika kwa lugha ya kwao, na kwa Kiswahili tungeiita Nyumba ya Mwanasesere.)

Utoto na kufilisika kwa baba

Ibsen alizaliwa tarehe 20 Machi 1828 katika mji wa Skien, kusini mwa Norwe. Babake, Knud, alikuwa mfanyabiashara mwenye duka na jina. Mamake aliitwa Marichen. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka saba hivi, biashara ya baba iliporomoka. Mali ikapigwa mnada, na familia ikahamia shamba la Venstøp, nje ya mji. Waliokuwa wakija nyumbani kula na kunywa hawakuonekana tena.

Unaposoma tamthilia zake, weka jambo hili akilini. Deni, hati, sahihi, aibu ya kutajwa vibaya mjini: mambo hayo hakuyapata vitabuni. Aliyaona mezani kwao. Torvald Helmer anaposema kwamba nyumba inayoendeshwa kwa mkopo haina uhuru wala uzuri, anayemwandikia maneno ni mtu aliyeshuhudia vyombo vya nyumbani kwao vikiuzwa.

Duka la dawa la Grimstad

Akiwa na miaka kumi na mitano tu, Ibsen aliondoka nyumbani akaenda Grimstad, mji mdogo wa pwani, kufunzwa kazi katika duka la dawa. Mchana alichanganya dawa, usiku alisoma na kuandika mashairi. Humo ndani alikuwamo mtumishi wa nyumba aliyeitwa Else Sophie Jensdatter, aliyemzidi umri kwa miaka kumi. Mwezi wa Oktoba 1846 Else Sophie alijifungua mtoto wa kiume, Hans Jacob. Ibsen, aliyekuwa na miaka kumi na minane, alitambuliwa kuwa baba, akaamriwa kutoa pesa za matunzo kwa miaka mingi.

Alizitoa. Tusimwonee. Kuna wakati alichelewa na mkono wa sheria ukamfuata, lakini kwa kijana asiyekuwa na kitu, pesa hizo hazikuwa chache. Zaidi ya pesa, hata hivyo, hakutoa kingine. Mtoto hakulelewa naye wala kutajwa naye hadharani. Hans Jacob alikuwa mhunzi na akaishi maisha ya dhiki hadi alipofariki mwaka 1916. Mamake alikufa maskini mwaka 1892. Mwaka huo Ibsen alikuwa amekwisha kurudi Norwe, tajiri, mwandishi aliyejulikana Ulaya nzima.

Utaniambia kwamba kijana wa miaka kumi na minane aliyeteleza si mtu wa kuhukumiwa milele. Nakubaliana nawe. Kama kisa kingeishia hapo, ningekitaja kwa mistari miwili na kuendelea. Nimekupa jina la Else Sophie kwa sababu tutalihitaji tutakaporudi kwenye tamthilia.

Miaka ya kuhangaika

Hapa tutaenda mbio. Mwaka 1850 alichapisha tamthilia yake ya kwanza, Catiline, kwa jina la kubuni, nayo haikununuliwa. Kuanzia 1851 alifanya kazi katika jumba la maonyesho la Bergen, akijifunza jinsi jukwaa linavyofanya kazi: mlango uwe wapi, taa iwashwe lini, mhusika aingie na nini mkononi. Mafunzo hayo utayaona katika kila ukurasa wa A Doll's House. Mwaka 1858 alimwoa Suzannah Thoresen, na mwaka uliofuata wakamzaa Sigurd. Mwaka 1864 aliondoka Norwe, akaishi Italia na Ujerumani kwa miaka ishirini na saba. Wazazi wake hakuwaona tena. Mama alifariki 1869, baba 1877, naye hakwenda kuwazika.

Tamthilia ya kishairi ya Brand, iliyotoka mwaka 1866, ndiyo iliyomtoa gizani. Na ni Brand iliyomletea Laura.

Laura

Laura Smith Petersen alizaliwa Norwe mwaka 1849. Aliisoma Brand akiwa msichana, ikamgusa sana, akaandika kitabu chake mwenyewe cha kuijibu, Mabinti wa Brand, kilichochapishwa mwaka 1869. Hebu fikiria: binti wa miaka ishirini anamjibu mwandishi mkubwa kwa kitabu. Ibsen alipendezwa. Walipokutana Ujerumani alimtia moyo aendelee kuandika, na akawa akimwita kwa jina la ndege mdogo mwimbaji. Kama umesoma hata kurasa tatu za tamthilia, unamjua ndege huyo. Ndiye yule yule ambaye Torvald anamwita mkewe.

Laura aliolewa mwaka 1873 na mwalimu wa Denmark, Victor Kieler. Muda si muda mume alipatwa na kifua kikuu. Madaktari wa enzi hizo hawakuwa na dawa ya ugonjwa huo. Walichoweza kushauri ni hewa ya nchi zenye joto. Pesa za safari hazikuwepo, na Victor alikuwa mtu ambaye neno deni lilimtia wazimu. Laura alikopa kwa siri. Wakaenda Italia, Victor akapona.

Simama hapo kidogo. Najua umeshaitambua hadithi. Mke anayekopa kwa siri ili kumwokoa mume mgonjwa, safari ya Italia, mume anayechukia madeni: yote yalitokea kwa mwanamke halisi, mwenye jina na anwani, kabla Ibsen hajaandika neno hata moja la tamthilia hii.

Ibsen alijuaje? Aliambiwa. Mwaka 1876, wakirudi kutoka Italia, Laura na mumewe walipita Munich, walikokuwa wakiishi akina Ibsen. Huko Laura alimfungulia Suzannah moyo wake kuhusu mkopo. Alikuwa amebeba siri hiyo peke yake, na sasa alikuwa amempata mtu wa kumsikiliza.

Miaka miwili baadaye deni lilikuwa linamkaba. Laura aliandika riwaya haraka haraka ili apate pesa, akamtumia Ibsen mswada na kumwomba ampendekeze kwa mchapishaji wake wa Copenhagen. Ibsen aliusoma, akauona dhaifu, akakataa. Katika barua yake alieleza kwamba alihisi kuna jambo ambalo Laura alikuwa akilificha, na akamshauri amwambie mumewe kila kitu, amwachie yeye mzigo wote.

Ukilipima kama ushauri wa kazi, Ibsen hakukosea. Mswada mbaya ni mswada mbaya, na hakuna mwandishi anayelazimika kusifu asichokipenda. Lakini utazame kama ushauri kwa mtu anayezama. Siri ya mkopo ilikuwa imeshafunuliwa nyumbani mwake. Na mume ambaye Laura alikuwa akimwogopa ndiye Ibsen aliyemwambia akamkimbilie.

Laura aliuchoma mswada. Kisha, akiwa hana pa kugeukia, alighushi hati ya malipo. Jambo hilo likagunduliwa. Victor alimgeuka kama Torvald anavyomgeuka Nora baada ya kusoma barua ya Krogstad: alimwona mhalifu, mama asiyefaa kulea watoto, akataka talaka. Watoto wakaondolewa mikononi mwake. Laura akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa humo karibu mwezi mzima. Kosa lake lilikuwa kumponya mumewe.

Tamthilia inaandikwa

Habari zilimfikia Ibsen. Tarehe 19 Oktoba 1878, akiwa Roma, aliandika maelezo ya kwanza ya tamthilia mpya. Katika maelezo hayo alitaja sheria mbili za dhamiri, moja ya mwanamume na nyingine ya mwanamke, na jinsi mwanamke anavyohukumiwa kwa sheria ambayo haikutungwa naye. Fikra hiyo ni nzito, na ndiyo uti wa mgongo wa maudhui ya sheria na haki utakayoyajadili katika insha yako. Katika miaka hiyo mke hakuweza kukopa bila idhini ya mumewe. Nchini Norwe, ni mwaka 1888 tu ambapo sheria ilimpa mke mamlaka juu ya kipato chake mwenyewe.

Alimalizia kuiandika Amalfi, Italia, katika majira ya joto ya 1879. Kitabu kilitoka Copenhagen tarehe 4 Desemba 1879. Nakala 8,000 ziliisha kabla ya mwezi kwisha, na kabla ya Krismasi mchezo ulikuwa tayari jukwaani katika Jumba la Maonyesho la Kifalme la mji huo. Watu walizozana barabarani na mezani. Ujerumani, mwigizaji mmoja maarufu alikataa kuigiza mama anayeacha watoto. Kwa kuhofia kwamba wengine wangeuharibu mwisho wake vibaya zaidi, kwa kuwa kazi zake hazikulindwa na sheria huko, Ibsen aliandika mwenyewe mwisho mwingine ambamo Nora anaoneshwa watoto wake waliolala, anaishiwa nguvu na kubaki. Aliuchukia mwisho huo maisha yake yote.

Sitaki usome sura hii ukidhani Ibsen alijifanya kuwatetea wanawake ili auze vitabu. Mapema mwaka 1879, katika chama cha watu wa Skandinavia waishio Roma, alipendekeza wanawake wanachama wapewe haki ya kupiga kura. Pendekezo lilishindwa kwa uchache wa kura, naye aliondoka amekasirika kwelikweli. Mwaka 1884 aliungana na waandishi wenzake wa Norwe kudai wake wamiliki mali yao. Mtu huyu aliona. Ndiyo maana jambo linalofuata ni gumu kulimeza.

Laura baada ya pazia

Nora anafunga mlango na kuondoka. Laura hakuondoka. Alitoka hospitalini na baadaye akarudi kwa Victor, kwa sababu ya watoto. Alikuwa akijaribu kuijenga upya nyumba iliyobomoka, na wakati huohuo aibu yake ikawa inaoneshwa jukwaani, mji baada ya mji. Waliomjua walimtambua mara moja. Jina la Nora likamganda. Alikuwa mwandishi, aliendelea kuchapisha vitabu kwa miaka mingi, lakini watu walipomtazama walimwona mwanasesere wa Ibsen.

Mambo yalizidi kuwa mabaya pale mhakiki mashuhuri wa Denmark, Georg Brandes, alipoandika kwamba mwanamke aliyekuwa chanzo cha Nora hakughushi ili kumwokoa mumewe, bali ili kupamba nyumba yake. Hebu jiweke mahali pa Laura. Umehatarisha kila kitu kwa ajili ya uhai wa mtu, umelipa kwa watoto wako na akili zako, kisha mtu anayesomwa na kila msomi anatangaza kwamba ulikuwa unatafuta mapazia.

Laura alimwomba Ibsen aseme neno moja hadharani. Aseme tu kwamba habari hiyo si kweli. Mwaka 1891 walikutana, na Laura alisimulia baadaye kwamba mwandishi alilia. Lakini neno lile hakulisema. Hoja yake ilikuwa kwamba yeye hajawahi kumtangaza Laura kuwa ndiye Nora, basi haoni cha kukanusha. Mume wa Laura ndiye anayefaa kufanya hivyo.

Hoja hiyo ukiichunguza kisheria haina ufa. Ukiichunguza kwa macho ya Nora imejaa nyufa. Mwanamume mwenye jina, ambaye sentensi moja yake ingemwondolea mwanamke aibu, anaichunga heshima yake na kunyamaza. Nora alisubiri muujiza katika Tendo la Tatu: alitarajia Torvald asimame mbele ya ulimwengu na kuubeba mzigo mabegani mwake. Torvald hakusimama. Aliyetuandikia tukio hilo, na kutufanya tumdharau Torvald kwa hilo, alipoombwa mwenyewe kusimama, naye hakusimama.

Huo ndio ukweli ninaotaka ukae nao. Sikupi njia ya kuukwepa.

Miaka ya mwisho

Ibsen alirudi Norwe mwaka 1891, mzee wa kofia ndefu aliyetembea kila siku hadi mkahawani kwa saa ile ile, watalii wakimtazama. Mwaka 1898 chama cha haki za wanawake kilimwandalia karamu. Aliwashukuru, kisha akawaambia kwamba hakuwa ameandika kwa nia ya kutetea chama hicho, na kwamba kwake jambo lilikuwa la binadamu wote. Kauli hiyo hutolewa sana katika maswali ya dhamira, kwa hivyo ikumbuke.

Mwaka 1899 alichapisha tamthilia yake ya mwisho, When We Dead Awaken. Mhusika mkuu ni Rubek, mchongaji mashuhuri. Ujanani alimtumia mwanamke aitwaye Irene kama kielelezo cha sanamu iliyompa umaarufu. Kazi ilipokwisha alimshukuru kama mtu anayeshukuru kwa kisa kidogo kilichopita. Sasa Irene anarudi, amedhoofika akili, akimwambia kwamba alimpa nafsi yake na kubaki mtupu. Tena Rubek ameibadilisha sanamu: mwanamke aliyekuwa mbele kabisa amesukumwa nyuma, na mbele ameketi mwanamume anayejutia maisha yake. Baadhi ya wahakiki humwona Laura nyuma ya Irene. Mimi naona zaidi uso wa mzee aliyejua alichofanya, na aliyeweza kukikiri kwa njia moja tu, ile ya kuandika tamthilia nyingine.

Kama hiyo ni toba, Laura hakunufaika nayo. Ibsen alipata kiharusi mwaka 1900, akafariki tarehe 23 Mei 1906, akazikwa kwa heshima ya taifa. Laura Kieler aliishi hadi 1932, akafa akiwa na miaka themanini na mitatu.

Sasa wewe na kitabu chako

Turudi kwa wale wanafunzi wangu wawili. Mvulana alisema kitabu hakina kosa. Katika riwaya ya kubuni tupu labda ningemuunga mkono. Lakini katika kitabu hiki, kitu chenyewe tunachokipenda, yaani ule ukweli wa uchungu wa Nora, kilichukuliwa kutoka kwa mtu bila kuulizwa. Hatuwezi kukiweka kitabu huku na kosa kule, kwa sababu vimefumwa kwa uzi mmoja.

Basi msichana aliyefunga kitabu alikuwa na haki? Alikuwa na haki ya kukasirika, na sikumlazimisha aache. Lakini kesho yake nilimuuliza amekasirika kwa niaba ya nani. Alisema kwa niaba ya Laura. Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha kuona kwamba mwanamke anayeghushi sahihi kwa ajili ya mumewe amedhulumiwa, si mhalifu. Alinyamaza, kisha akacheka kidogo bila furaha. Alikuwa amefundishwa na Nora. Jicho alilotumia kumhukumu Ibsen lilifunguliwa na Ibsen. Alikirudia kitabu wiki ile, ingawa aliniambia kwamba sasa kila Torvald anapomwita Nora ndege, anasikia sauti ya mtu mwingine. Nikamwambia kwamba mimi pia huisikia.

Naipenda tamthilia hii. Nimeifundisha hadi nakala yangu imeachana na jalada, na kila mwaka mlango ule wa chini unapofungwa nywele hunisimama. Sikuipenda kidogo zaidi nilipomjua Laura. Niliipenda kwa wasiwasi zaidi, kama unavyompenda mjomba ambaye umegundua jambo fulani kumhusu. Humfukuzi sebuleni, lakini hadithi zake huzisikilizi tena ukiwa umeketi vilevile.

Tahadhari moja ya mtihani. Usiandike katika insha kwamba Nora ni Laura. Si yeye. Laura alikuwa mwandishi aliyechapisha kabla ya kuolewa. Nora hajui hata kazi yake ingekuwa ipi akitoka nje. Laura alighushi hati ya malipo. Nora aliandika jina la babake aliyekwisha kufa. Laura alirudi, Nora aliondoka. Mtahini anataka ushahidi kutoka kwenye kitabu, na mtahiniwa anayejaza kurasa mbili kwa maisha ya mwandishi hupoteza muda wake na wetu. Maisha haya yanakusaidia kuona, kisha unachokiona ukitafute katika matini.

Na kipo. Ibsen alipoorodhesha wahusika, yaya Anne-Marie alimweka karibu na mwisho, baada ya watoto. Fungua mwanzo wa Tendo la Pili, pale anapoingia na sanduku la nguo za karamu. Nora anamuuliza aliwezaje kumwacha mtoto wake kwa watu wasiomjua. Anne-Marie anajibu kwa utulivu kwamba ilimbidi: alikuwa msichana maskini aliyepata taabu, na mwanamume aliyehusika hakumfanyia lolote. Bintiye alimwandikia mara mbili tu, alipopata kipaimara na alipoolewa. Kisha mazungumzo yanahama, nguo zinatolewa sandukuni, na hakuna anayemuuliza tena Anne-Marie kitu chochote kuhusu mtoto huyo hadi mwisho wa tamthilia.

Isome sehemu hiyo leo jioni, polepole, ukiwa na jina la Else Sophie kichwani. Kisha andika aya moja ukieleza ni kwa nini unadhani mwandishi aliiweka hapo, na kwa nini aliifanya fupi hivyo.